Kofia Haina Shikamoo

Bi Zuwena alinipokea kwa kunigombeza. "Umechelewa, Yusta. Hata msiba wa mzee wako umengoja zamu?" Alikuwa ameketi juu ya godoro sakafuni, yumo ndani ya eda, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso, na macho yake yaleyale yanayoona vumbi mahali ambapo wengine hatulioni. Nilipiga magoti nikamshika mkono, nikasema shikamoo, akaitika marahaba, kisha ndipo akalia, na mimi nikalia naye. Mume wake, Mzee Khalfan, fundi wa redio wa mtaa wa Kanyenye na mtu aliyenifundisha kazi, alikuwa amezikwa siku tatu kabla. Basi nililopanda kutoka Mwanza liliharibika njiani, maelezo ambayo niliyatoa mara mbili na hakuna aliyeyajali. Aliponiachia mkono ndipo nikamwona mwanamke aliyeketi pembeni yake, ungo wa mchele mapajani, akichambua mawe kwa ncha za vidole. Nilimjua kwa vidole kabla ya uso. Alikuwa Doto, aliyekuwa nesi wa Lugunduli. Kwa zaidi ya miaka ishirini tulikuwa tukitumiana salamu za Krismasi na rambirambi, na hatukuwahi kuonana tena. "Doto, mimi," nikaanza. "Dada, mimi," akaanza naye. Tukanyamaza pamoja, tukaanza tena pamoja, tukanyamaza tena. Bi Zuwena alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Chambueni mchele, wageni wa hitma wanakuja." Nikavuta ungo wa pili. Tulichambua kimya karibu saa nzima, na katika kimya kile mwaka ule wote ukanirudia.

Ya nyumbani kwetu siyaweki humu, yana wenyewe wa kuyasimulia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti kimoja na kiburi cha vyeti vitatu. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Mradi mmoja wa afya ulikuwa umeleta redio na kompyuta kwa zahanati tano za vijijini, na kituo cha sita, cha mjini, kikawekwa chumba cha uani nyumbani kwa Mzee Khalfan, kwa sababu mjini hapakuwa na mwingine aliyeweza kuifanya redio iseme ikiwa imeamua kunyamaza. Kila kituo kilikuwa na kisanduku cheusi chenye taa mbili, cha ukubwa wa kopo la maziwa ya mtoto lililolazwa. Ukiandika ujumbe kwenye kompyuta, kisanduku kiliugeuza kuwa mlio, redio ikaurusha hewani, na kisanduku cha upande wa pili kikaugeuza tena kuwa maandishi, papo kwa papo, kama mtu anayezungumza nawe chumba cha pili. Mwanzoni redio zilikuwa pia na vipaza sauti, lakini Daktari, aliyekuwa mkuu wa mradi, alivikusanya vyote akavifungia kabatini, kwa sababu waganga walivitumia kupiga soga mpaka betri za sola zikaisha. Yakabaki maandishi tu. Vituo sita, na njia ya hewani moja.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Kuta nene za udongo, baridi hata kiangazi, meza ya mninga iliyoungua madoa madoa kwa chuma cha kulehemu, na harufu mbili zisizopatana, moshi wa lehemu kutoka kwetu na udi kutoka chumbani kwa Bi Zuwena. Waya wa antena ulitoka dirishani ukakatisha uani, na upande wa jikoni ulishuka chini kidogo, kiasi cha mkono wa mtu kuufikia. Bi Zuwena aliufikia kila Jumatatu na Ijumaa. "Mke wangu," Mzee Khalfan alimwita kwa upole kutoka mezani, "vijiji vimekatika." "Vitaungana nguo zikikauka," alijibiwa. Na kweli viliungana. Saa saba na nusu chakula kilitoka, kazi iwepo isiwepo: wali na samaki wa migebuka walioshuka na treni ya Kigoma, mchicha wa karanga, pilipili ya kusagwa kwenye kisosi. Mzee alinawa kwanza, kisha Bi Zuwena, kisha mimi. Kama kulikuwa na mgeni aliyenizidi hata mwaka mmoja, nilinawa baada yake. Wala sikuliona hilo kuwa jambo. Nililelewa hivyo na nimewalea wangu hivyo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ugomvi wa saa tatu asubuhi. Visanduku vile vilikuwa na adabu yao. Kabla ya kutuma, kila kimoja kilisikiliza kwanza kama njia ni tupu, na kikisikia kimya kilihesabu muda mfupi ndipo kikatuma. Tatizo ni kwamba vyote vilitoka kiwandani na hesabu moja. Saa tatu zahanati zote zilikuwa zimeshaandika salamu zao za asubuhi, na hapa sina budi kusema ukweli kuhusu watu wetu: salamu zilikuwa ndefu. Mzee Petro, mganga wa zahanati kubwa kuliko zote na mtu mzima kuliko wote hewani, aliandika salamu kama barua ya posa. Aliuliza mvua, aliuliza mihogo, aliuliza nyumbani kwa mmoja mmoja. Basi kimya kikiingia, visanduku vilihesabu sawasawa, vikatuma sawasawa, maneno yakagongana hewani, ukasikika mkoromo tu, na hakuna aliyepokea kitu. Vikasubiri. Vikahesabu tena sawasawa, vikagongana tena. Umewahi kuwaona watu wawili wenye adabu mlangoni, "pita wewe," "hapana, pita wewe," kisha wote wakapita na kukwama? Ndivyo tulivyokuwa mpaka saa nne na nusu.

Siku moja, tukinywa kahawa, Mzee Khalfan alinisimulia habari ambayo babu yake alimsimulia. Misafara ya zamani ilitembea kwenye kijia chembamba, mtu mmoja nyuma ya mwingine. Misafara miwili ikikutana uso kwa uso, vinara wake walisogeleana, wakarudi nyuma hatua chache, wakagongana vichwa kama mabeberu, watu wakicheka. Kisha msafara mdogo ukatoka njiani ukaingia majanini, mkubwa ukapita. "Kwisha," akasema, akapuliza kahawa yake. Mimi nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza, kichwa kinanichemka. Jioni ile niliandika jedwali. Kila kisanduku kingehesabu muda wake tofauti, ili visigongane, na nikapanga nani ahesabu kidogo na nani ahesabu sana. Nilipanga kwa umri. Sisi wa mjini tulitangulia kwa heshima ya Mzee Khalfan, akafuata Mzee Petro, kisha wengine kwa kadiri ya mvi zao, na wa mwisho kabisa zahanati mpya ya Lugunduli, ya nesi mwenye miaka ishirini. Kesho yake saa tatu hakukuwa na mkoromo hata mmoja. Mkubwa alisema akamaliza, akaja anayemfuatia. Mzee Petro aliandika, "Huyu binti amelelewa." Daktari aliipeleka habari hiyo makao makuu, na baada ya wiki mbili zikaja fununu kwamba kuna nafasi moja ya masomo Dar es Salaam, mwaka mzima, na jina langu limetajwa. Nilitembea Kanyenye yote na kichwa juu. Nilistahili kofi.

Kisanduku cha Lugunduli nilikwenda kukipanga mwenyewe, kwa gari la mradi. Ilikuwa zahanati ya vyumba viwili. Njia ya zamani ya misafara ilipita nyuma yake, na baada ya mvua watoto waliokota shanga kwenye udongo. Soketi ya sola ilikuwa moja tu, chumba cha kujifungulia, kwa hiyo kompyuta nikaiweka humo, juu ya kabati la dawa. Doto alisimama nyuma yangu akila karanga. "Kwa hiyo mimi ni wa mwisho," akasema. Nikamweleza kwa nini. "Dada, mimi ni Doto. Nilizaliwa wa pili, nikanyonya wa pili, nikavishwa nguo ikishavaliwa na pacha wangu Kulwa. Kwenye mambo ya kungoja naweza kukufundisha wewe." Alinizidi ucheshi na mimi nilimzidi miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili aliniandikia shikamoo kila siku, akijua inaniudhi. Alinipa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, tukavila na asali moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu. Kabla ya kuondoka nilimwonyesha foleni ya ujumbe: kisanduku hutuma kwa mpangilio ulivyoandika, wa kwanza kwanza. Ukiandika jambo ukajuta, unabonyeza hapa, linafutika. "Ungekuja mapema," akasema. "Kuna mwalimu mmoja nilimwandikia barua." Tulicheka mpaka dereva akapiga honi. Nilimpenda palepale.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya masika. Saa mbili asubuhi Mzee Petro alitujulisha kwamba mama mkwe wake amefariki. Sasa niambie, katika nchi yetu, nani ataacha kutoa pole? Kila kituo kiliandika. Ya kwangu ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, na nikaimalizia kwa methali. Mzee Petro akamjibu kila mmoja. Waliojibiwa wakashukuru kujibiwa. Mmoja akamkumbuka marehemu alivyompa kuku, mwingine akauliza mazishi ni lini, na taa nyekundu ya kisanduku chetu haikupumzika. Hakukuwa na mgongano hata mmoja. Nilikaa nikiitazama ile taa, nikajisifu moyoni. Saa nane na dakika tano printa ya kompyuta yetu ilitoa pole ya Doto: "Shikamoo Mzee wetu. Habari za msiba tumezipokea kwa majonzi." Nilimsomea Bi Zuwena, akasema, "Mtoto huyu ana adabu." Nikaibandika ukutani pamoja na zile nyingine.

Saa kumi na robo printa ikalia tena. Lugunduli. Karatasi ilitoka na jumbe mbili mfululizo. Wa kwanza: "Mama mzazi. Mtoto amekaa vibaya. Naomba gari sasa." Wa pili: "Amejifungua. Damu nyingi. Daktari yuko wapi." Nilikimbia mpaka ofisini kwa mradi bila viatu, nikarudi na Daktari mbele yangu. Niliwaandikia wote, "Nyamazeni. Njia ni ya Lugunduli," wakanyamaza, kwa kuwa aliyesema ni mkubwa. Dereva alikuwa ameshaondoka kwenda Lugunduli. Daktari alisema, mimi nikachapa: msugue tumbo chini ya kitovu, usiache. Jibu lilikuja bila nukta wala herufi kubwa, nikaelewa kwamba Doto anachapa kwa mkono mmoja na wa pili uko kwa mgonjwa. "nasugua." Damu? "bado." Usiache. "siachi." Damu? Tukangoja. Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni na kijiko cha kupakulia mkononi. "imepungua." Usiache. "siachi daktari." Walimpakia mama yule kwenye trela la trekta la tumbaku, wakakutana na gari letu katikati ya njia. Alipona. Mtoto naye alipona, msichana. Lakini mama ilibidi afanyiwe upasuaji, na hakuzaa tena.

Walipokwisha kuondoka wote niliitazama ile karatasi. Juu ya kila ujumbe palikuwa na saa ya kuandikwa. "Naomba gari sasa" uliandikwa saa saba na dakika kumi. Saa tatu nzima ulikuwa umekaa Lugunduli, ukihesabu hesabu ndefu niliyoipanga mimi, na kila njia ilipokuwa tupu, kabla haujamaliza kuhesabu, mkubwa fulani alikuwa ameshaanza kushukuru kwa pole. Nikaibandua na ile pole ya saa nane. Ilikuwa imeandikwa saa nne asubuhi. Nilizikunja karatasi zote mbili nikazitia mkobani.

Jumamosi nilikuwa nakula. Daktari alikuwa barazani na Mzee Khalfan, na dirisha la baraza lile halikuwahi kuficha neno. "Saa nane ametuma pole," alisema Daktari. "Mgonjwa yuko kitandani tangu asubuhi. Mtu gani anatuma pole anaacha mgonjwa?" "Umemuuliza mwenyewe?" "Nilikwenda jana, nikamuuliza. Amenyamaza. Hana hata neno la kujitetea. Mwisho wa mwezi anarudi kwao, nesi wa namna hiyo simtaki." Mzee akamuuliza kama ataongeza kahawa. Daktari akaongeza. "Huyu wako barua yake ya Dar imepita," akasema. "Jedwali lake wamelipenda." Nililirudisha tonge sahanini. Nilikuwa na karatasi mkobani, hatua kumi kutoka barazani. Sikuinuka.

Sikuinuka siku ile, wala iliyofuata. Siku tisa. Leo nina mvi na wajukuu, na bado nikizihesabu siku zile uso unaniwaka. Niliitaka Dar kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilijiambia kwamba Doto atapata kazi nyingine, ni mchangamfu, watu wanampenda. Nilijiambia kwamba angekuwa na la kusema angelisema. Kila asubuhi saa tatu salamu ya mwisho ilitoka Lugunduli, mstari mmoja: "Shikamoo dada. Hapa salama." Nami nikajibu, "Marahaba." Bi Zuwena aliniangalia nikichezea wali wake, jambo ambalo katika nyumba ile halikuvumiliwa. "Wewe Yusta, una mimba au una siri?" "Sina mimba, Bi Zuwena." "Basi," akasema, akaniondolea sahani.

Siku ya kumi asubuhi nilimkuta Mzee Khalfan ameinamia redio, chuma cha kulehemu mkononi. Niliziweka karatasi mbele yake. "Mzee, kosa si la Doto. Ni la jedwali, na jedwali ni langu." Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza kuunga waya wake. Kisha akavuta mtoto wa meza, akanionyesha daftari lake la kituo, ambamo kwa mwandiko wake mwembamba alikuwa ameshaandika saa zilezile, za kuandikwa na za kufika. "Niliona Alhamisi ileile," akasema. Nilimkasirikia, kwa kweli nilimkasirikia mno. "Umeona, ukanyamaza? Doto anafukuzwa!" "Mwisho wa mwezi bado. Ningesema mimi, ungejua kwamba nimejua. Nilitaka ujue wewe ni nani." Kisha sauti ikamlegea. "Na mimi nina langu. Ile habari ya misafara sikukumalizia. Ule msafara mdogo ulioingia majanini, nyuma ya ule mkubwa ulikuja mwingine mkubwa, na mwingine. Babu alisema walilala majanini siku mbili, na maji yao yakaisha. Nilikatisha kwa sababu kahawa ilikuwa inapoa." Tulikwenda kwa Daktari pamoja. Doto akabaki kazini. Jina langu likaondolewa kwenye orodha ya Dar.

Mchana ule, baada ya kula, Mzee alivua kofia yake. Sikuwahi kumwona kichwa wazi, nikainamisha macho. Aliandika tarakimu moja hadi nane kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kofia, akamwita Bi Zuwena. "Sisi ni vituo vitatu. Kila mmoja achukue kimoja bila kutazama, akisome na kukirudisha kofiani, ahesabu makofi ya meza kadiri ya alichopata, kisha aseme hodi. Tukisema wawili pamoja, tumegongana, naongeza vikaratasi, tunachukua tena upya." Alipiga makofi ya meza polepole. Bi Zuwena alitangulia, kisha mimi, kisha Bi Zuwena tena. Mzee alipata saba, akapata nane, akapata saba. Raundi ya nne mimi na yeye tuligongana, akatia vikaratasi vingine hadi kumi na sita, tukachukua, nikamtangulia. Niliona haya kusema hodi mbele yake. "Sema," akaniambia. "Hodi." "Karibu." Bi Zuwena alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kofia haina shikamoo," akasema. Mzee akasema hapo ndipo penyewe: aliyengoja sana raundi hii, raundi ijayo kofia haimkumbuki, na mwenye haraka ya kweli hatalala majanini kwa sababu tu ni mdogo.

Visanduku vilikubali mpango wa kofia, kwani vilikuwa na uwezo wa kuchagua hesabu yao kwa bahati, ulitoka tu kiwandani umezimwa na mimi sikuuwasha. Tulipita vituo vyote, cha Lugunduli nikamwachia Mzee peke yake, tukavipanga sawa, na tukaongeza sheria mbili: ujumbe wa mgonjwa hukaa mbele ya foleni yake, na salamu huandikwa mwisho. Ya kwanza ilikubalika. Ya pili nusura ituvunje. Mzee Petro alikaa wiki nzima bila kumjibu mtu, kisha akaandika, "Sijibu wasiosalimia." Heshima si utumwa, Mzee Khalfan alimjibu, na akamwendea kwa baiskeli kumtuliza. Mimi nilimwandikia Doto: "Jedwali lilikuwa kosa langu. Daktari amejua." Akajibu, "Sawa dada. Asante." Hakuna zaidi. Siku tisa zile sikumtajia, wala karatasi zilizokuwa mkobani. Mwaka ulipokwisha yeye alihamishiwa Kigoma, mimi nikaenda Mwanza. Simu zikaja, minara ikaota kila mlima, nikaifanyia kazi miaka yangu yote, na hakuna hata mmoja niliopanda bila kuikumbuka ile kofia.

Mchele ulikwisha. Bi Zuwena alikuwa amesinzia ameegemea ukuta, au amejisinzisha. "Anza wewe, dada," Doto akasema. "Wewe ni mkubwa." Mkubwa ni jalala, nikawaza, na jalala halina haraka. "Leo hapana. Anza wewe."

Aliutikisa ungo mtupu. "Unakumbuka ulinionyesha kufuta?" Nilikumbuka. "Ile pole niliiandika saa nne asubuhi, ikakaa kwenye foleni. Saa saba nikaandika ya mgonjwa. Nikaona pole iko mbele. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, dada. Nikasema, mimi nitakuwa mtu gani, namfutia mzee pole ya mkwewe? Iende tu, ni dakika moja. Saa nane njia ikapatikana, taa nyekundu ikawaka, kisanduku kimetuma. Nikasahau kabisa kilichokuwa mbele. Nikamgeukia yule mama nikamwambia, gari linakuja. Akanishika mkono akashukuru." Akauweka ungo chini. "Kumbe iliyokwenda ilikuwa pole. Daktari alipouliza, ningejitetea na nini?"

"Mzee alijua?"

"Alikuja siku ya tatu baada ya Daktari, kwa baiskeli. Nilimwambia yote. Akaniambia, na mwenzio ana lake, mngojee."

Siku zote zilizobaki, basi, alikuwa akiniandikia shikamoo dada, hapa salama, huku akijua kwamba nina la kusema na kwamba silisemi. Machozi yalinitoka bila sauti. Nikamwambia lote, karatasi, mkoba, Dar. Nikamwambia, "Nisamehe, Doto," maneno niliyoyabeba muda mrefu kuliko mzigo wowote. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vyenye vumbi la mchele. "Nilishasamehe zamani. Nilitaka tu ulisikie langu kwanza. Na unisamehe na mimi."

"Mmemaliza?" akauliza Bi Zuwena bila kufumbua macho. "Haya, mchele upelekeni jikoni."

Tuliinuka. Mlangoni nilimuuliza Doto kama aliwahi kumwona tena yule mama. Akasema yuko hai, ana simu yake mwenyewe, na binti yake ni nesi. Doto humpigia yule mama kila Alhamisi. "Lakini sianzi na salamu," akasema. "Akipokea tu namuuliza, uko salama? Nangoja aseme ndiyo. Akishasema, ndipo namwambia shikamoo."